Kombi Yetu Ilipopata pa Kulala Karatu

Mama yangu alitaka kumwona mdogo wake kabla mmoja wao hajatangulia. Hilo ndilo lililotutoa nyumbani. Mama mdogo Aikande aliolewa Oldeani akiwa msichana, mumewe akifanya kazi kwenye mashamba ya kahawa, na alipofiwa alibaki huko huko na wanawe. Mama alikuwa amepata kiharusi, upande wake wa kushoto haufanyi kazi. Kupanda basi hakuweza, na nyumba za wageni tulizozijua zilikuwa na ngazi na vyoo vya kuchuchumaa.

Mume wangu, Elibariki, ni fundi seremala. Alipata Kombi kuukuu kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, akang'oa viti vya nyuma na kuweka kitanda chenye ukingo, na pembeni kiti chenye tundu na ndoo chini yake. Mimi mshonaji, kwa hiyo mapazia yalikuwa yangu. Mama alipolazwa humo mara ya kwanza, aligusa mbao akasema, "Hapa naweza kufika hata Musoma."

Tuliondoka Moshi asubuhi, baada ya mvua za masika kwisha. Miaka ile ya themanini mafuta yalikuwa ya kutafuta, na madumu mawili tuliyokuwa nayo yalifungwa juu ya gari kama mali. Hadi Makuyuni lami ilituvumilia. Baada ya hapo barabara ikawa matuta na vumbi, Elibariki akaendesha polepole kuliko baiskeli, maana kila mtikisiko Mama aliuma mdomo.

Tulifika Mto wa Mbu jua likiwa bado juu kidogo. Tulisimama pembeni mwa soko, karibu na bomba la maji, tukafurahi. Nilikuwa ndiyo kwanza nawasha jiko nimkande Mama mguu kwa maji ya moto, mgambo akaja na fimbo yake.

"Hapa magari hayalali," akasema.

"Yanalala wapi, ndugu yangu?" Elibariki akamuuliza.

"Nimeambiwa hapa hayalali. Pa kulala sijaambiwa."

Hakuwa mtu mbaya. Nilimfunulia pazia akamwona Mama, akamwamkia, akatazama chini. Lakini alisema akituacha yeye ndiye atakayeulizwa. Tulijaribu uwanja wa shule, mlinzi akakataa. Tulijaribu kituo cha mafuta, wakasema wameshapata taabu na magari ya namna hiyo. Ikabidi tupande ule ukuta wa mlima unaolitazama Ziwa Manyara, jua likizama na gari limechoka.

Katikati ya mlima injini ilichemka. Elibariki akasimamisha, nami nikaruka na jiwe nikaliweka nyuma ya gurudumu. Chini yetu ziwa lilikuwa limegeuka rangi ya shaba, na sikuweza kulifurahia. Nilikuwa naliangalia lile jiwe tu. Mama akaita kutoka ndani, sauti yake imekuwa ndogo: "Mwanangu, mgongo." Alikuwa amelalia upande mmoja tangu mchana. Nilimgeuza gari likiwa limeinama vile, nikimzuia kwa bega langu asiteleze, na kwa mara ya kwanza nikafikiri tumefanya kosa kumtoa nyumbani.

Karatu tuliingia giza likiwa limetanda, baridi ikiwa imeshashuka. Tulisimama kando ya uwanja wa mpira, watu wakaanza kukusanyika. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Tarmo, mtu mrefu aliyevaa koti la sufu, alifika akazunguka gari mara mbili kabla ya kusalimia.

"Tumekataza haya magari ya kulala," alisema. "Msimu uliopita walikuja wageni na lori lao. Wamewasha moto kwenye uzio wa maharage wa jirani yangu, wamejisaidia njia ya kisimani. Asubuhi wameondoka, sisi tumebaki tunafukia."

Ningekuwa mimi mwenye yale maharage, ningekataza pia. Nilisema tu, "Baba, ndani kuna mgonjwa. Nimgeuze, nimwoshe, alale. Kukicha tutaondoka."

Bwana Tarmo alisita. Hapo akajitokeza mama mmoja mnene, khanga mabegani, vumbi la unga kwenye nyusi. Alikuwa Mama Paskalina, msimamizi wa mashine ya kusaga ya umoja wa wanawake. Alisema naye maneno machache kwa Kiiraqw, lugha ya wenyeji wa pale, kisha akatugeukia kwa Kiswahili.

"Ingizeni gari nyuma ya mashine. Choo kipo, maji yapo. Mwenyekiti akikasirika kesho, atanikasirikia mimi, amezoea."

Watu wakacheka, hata Bwana Tarmo kidogo. Mama Paskalina hakuondoka. Alinisaidia kumwosha Mama kwa maji yaliyochemshwa kwenye sufuria yake mwenyewe, akamletea maziwa ya mgando na ugali wa mahindi mapya yaliyosagwa mchana ule. Mama alikula, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Arusha. Nilipozima taa na kusikia anapumua vizuri, nilitoka nikakaa kwenye ngazi ya gari.

Asubuhi Bwana Tarmo alikuja kweli, na safari hii alianza kwa salamu. Elibariki alikuwa anarekebisha mlango wa choo cha mashine uliokuwa umening'inia bawaba moja.

"Mwenyekiti," Elibariki alimwambia, "wale waliochoma uzio mliwaonyesha pa kulala?"

"Hawakuuliza."

"Na sisi tuliouliza, Mto wa Mbu hawakuwa na jibu. Anayeuliza na asiyeuliza wote wataishia gizani shambani kwa mtu. Wekeni sehemu moja. Choo, maji, mahali pa moto. Atakayelala nje ya hapo mtamwambia kitu akielewe."

"Na nani atalinda?"

"Mashine inalindwa tayari," Mama Paskalina akadakia akiwa mlangoni. "Na hao wageni wanakula mayai, wanakunywa maziwa. Yetu yanachachia ndani."

Bwana Tarmo alisema halmashauri ya kijiji itakaa. Hakuahidi kitu. Lakini tulipokuwa tunaondoka, nilimwona anapima kwa hatua eneo la nyuma ya mashine, kichwa kimeinama.

Oldeani tulifika mchana, barabara imejaa makorongo. Mama mdogo alikuwa anachambua mbegu barazani. Alitambua sauti kabla ya uso, maana Mama alimwita kwa jina la utotoni. Hakukimbia, magoti yake pia yamechoka. Alipanda ndani ya Kombi, akajilaza kando ya dada yake juu ya kitanda kile, na mlango tukaufunga tukawaacha.

Siku zilizofuata tuliambiwa jambo la ajabu: Mama mdogo ameishi chini ya milima ya Ngorongoro tangu ndoa yake, na hajawahi kuliona bonde lililo juu yake. Tukawapeleka wote wawili. Ukingoni kulikuwa na ukungu mzito, hatukuona hata mita kumi. Mwanamke wa Kimaasai aliyekuwa anapita na punda alitusalimia, "Takwenya," nami nikajibu, "Iko," maana Mama mdogo alinifundisha. Akatuambia tungoje. Tulingoja, ukungu ukapasuka, na bonde likatokea chini, la kijani, na ziwa lake jeupe katikati. Dada wawili walitazama kupitia dirishani. Kisha Mama mdogo akasema, "Kumbe maji tunayopata yanakuja na mawingu ya hapa," na Mama akamshika mkono kwa ule wake ulio mzima.

Wakati wa kurudi tulipita Karatu tena jioni. Nyuma ya mashine nyasi zilikuwa zimefyekwa, mawe yamepangwa kuonyesha mpaka, na choo cha pili kimechimbwa. Lori la ngano kutoka Mbulumbulu lilikuwa limeegeshwa hapo, dereva anachoma mahindi, na Mama Paskalina anamkaripia majivu ayamwage shimoni. Bwana Tarmo alitupokea kama mwenye nyumba. Tulibaki siku moja zaidi, Elibariki akawatengenezea kiti cha choo kwa wasioweza kuchuchumaa.

Mto wa Mbu tulisimama mchana, nikamtafuta katibu kata. Nilimweleza ya Karatu. Alisikiliza, akasema atawapelekea wenzake. Sijui kama alifanya hivyo.

Nilichojifunza ni hiki: mji usiosema pa kulala unaumia pamoja na msafiri wake. Anayelala kwa kujificha hachimbi shimo la takataka. Anayeonyeshwa mahali anashika ufagio.

Imenichukua miaka mingi kuyasema hayo kwenye mkutano wa mtaa wetu hapa Moshi; mara ya kwanza wakanicheka, mara ya pili wakanipa kipande cha uwanja karibu na soko. Juma lililopita gari la kwanza lililala hapo, mtu na mkewe kutoka Singida, wanampeleka mtoto hospitali. Asubuhi niliwapelekea uji. Yule mama alifungua mlango amevaa viatu tayari, akidhani nimekuja kuwafukuza, na ilibidi nimwambie mara mbili akae anywe.