Majani yangu ya kuzuia magugu na sifa alizokula mume wangu

Wakuu, hamjambo.

Nimeona kule kwingine kuna kijana ameuliza kama kweli majani ya mimea yanaweza kuzuia magugu bila dawa, na wengi wenu mmemjibu kwa kejeli. Nikasema ngoja nifungue uzi wangu. Hii siyo habari ya kuambiwa, yalinipata mimi, na shahidi yuko hapa sebuleni anakunywa chai huku akijifanya hasomi ninachoandika.

Ni story ya zamani, wakati miwa ndiyo ilikuwa kila kitu huku Kakamega. Kwetu ni Iguhu, nikaolewa Matungu. Kwetu nililelewa kwenye mahindi, maharagwe, ndizi na mboga nyuma ya nyumba. Nikafika Matungu nikakuta miwa. Miwa mbele, miwa nyuma, ukifungua dirisha la chumbani unagusa miwa.

Siwalaumu. Miwa iliezekea watu mabati na kusomesha watoto. Lakini kwa miwa husongi obusuma, ugali wetu, wakuu. Unaisubiri zaidi ya mwaka mzima shambani, na tumbo halisubiri.

Sisi tulikuwa tumebakiwa na kipande kimoja tu cha mahindi, kati ya jikoni na mistari ya miwa. Kidogo, lakini ndicho kilitulisha mimi, mume wangu, binti yetu Nafula, na mama mkwe ambaye nyumba yake iko hapo hapo uani.

Sasa mume wangu, Wanjala, alikuwa anakitazama hicho kipande kwa jicho baya. Kila trekta la kampuni ya sukari likipita kwa jirani, anasimama mlangoni na kupima kwa macho.

Nikajifungua mtoto wa pili kwa operesheni. Daktari akaniambia jembe nisiliguse mpaka nipone kabisa. Nikarudi nyumbani na kichanga, mahindi yamefika magotini, na palizi ya pili inanisubiri mimi niliyeshonwa tumbo.

Wanjala akaniambia, "Mama Nafula, kama hii shamba imekushinda, mimi msimu ujao naweka miwa mpaka kwa mlango. Siwezi kuangalianga nyasi."

Msiniulize kwa nini yeye asishike jembe. Nilimuuliza. Alisema jembe la mahindi ni la mwanamke, jembe la miwa ndilo la mwanamume. Na la miwa lenyewe nilikuwa sijaliona likitoka stoo.

Nilikasirika mpaka maziwa yakataka kukauka.

Basi kando ya njia yetu kuna ua wa yale maua ya njano marefu, wenyewe wanaita amalulu kwa sababu ni machungu. Kila mtu huku anayo, hakuna anayeyaheshimu. Mimi nilikuwa nimeona kitu kimoja: kila tulipoupunguza ule ua na kuacha matawi chini, mahali pale hapaoti kitu kwa muda mrefu. Nikajiambia, kama yanaua nyasi njiani, kwa nini yasiue nyasi zangu?

Nikawa nakata kidogo kidogo, nikiwa nimeketi kwenye kigoda. Nachagua matawi laini ambayo hayajatoa maua, maana yakishatoa mbegu unajiletea balaa. Nakatakata, natandika katikati ya mistari ya mahindi, mkono mzima unene wake, na nayaacha mbali kidogo na shina la mhindi. Yakinywea naongeza mengine juu. (Vijana hapa ndipo mnapokosea. Mnatandika mara moja tu, kiduchu, halafu mnarudi kulalamika kwamba haifanyi kazi. Na msitandike kabla mahindi hayajaota, mtazuia hadi mbegu yenu.)

Wakuu, ilifanya kazi. Kishonanguo kikakata tamaa. Nyasi chache zilizochungulia nilizing'oa kwa vidole. Udongo chini ukawa na unyevu hata jua likiwaka. Nikawa natoka asubuhi na mtoto mgongoni kuangalia tu, nafurahi peke yangu.

Peke yangu kweli, kwa sababu wengine wote waliona aibu.

Mama mkwe alikuwa ananiita Mwidakho, kwa jina la watu wa kwetu, na akiniita hivyo kwa sauti ndefu najua kuna jambo. Akaja akasimama ukingoni, mikono kiunoni.

"Mwidakho, sasa hii ni kirimo ya wapi? Watu wanapitanga hapa wanaangalia. Watasema kwa Wanjala hakuna mwanamke."

Nikamweleza kwa heshima. Nikafunua majani, nikamwonyesha chini hakuna gugu. Akatazama, akasema, "Shamba inalimwanga," akaondoka zake.

Nikadhani yameisha.

Siku ya kumrudisha mtoto kliniki nikaenda Iguhu, nikalala kwa mama yangu. Kesho yake narudi, kabla hata sijafika nyumbani nasikia nyimbo. Nyimbo za kanisa, zinatoka kwangu. Nikajua kuna msiba.

Hakukuwa na msiba. Kulikuwa na akina mama wa kanisa, safu nzima, majembe juu majembe chini, wamekuja kumsaidia mgonjwa. Mama mkwe ndiye aliyewaita. Shamba langu lilikuwa jekundu, limepaliwa safi, halina jani hata moja. Majani yangu yote walikuwa wameyakusanya kwa mikono na kuyatupa kwenye mistari ya miwa ya Wanjala iliyopakana na kipande changu upande wa jikoni, ile miwa iliyokuwa imekatwa juzijuzi na ndiyo inachipua upya.

"Karibu, Mama Nafula!" wakanishangilia. "Tumekuokoa!"

Niambieni, wakuu, ungefanya nini? Watu wameacha kazi zao, wametoka jasho kwa ajili yako, wanakuimbia. Huwezi kuwafokea. Nikasema asanteni, Mungu awabariki. Nikaingia jikoni nikalia dakika kadhaa, nikajifuta kwa leso, nikatoka kuwapikia. Tena nilimchinja ingokho wangu mwenyewe, yule aliyekuwa akitaga. Na firigisi, kwa desturi, ikaenda kwa mwenye nyumba, ambaye alikuwa ameshinda sokoni siku nzima. Aliila taratibu huku akiwasifu akina mama kwa kazi nzuri.

Mvua ikanyesha wiki hiyo hiyo. Mnajua udongo uliochokonolewa na kuachwa wazi ukipata mvua unafanya nini. Nyasi zilitoka kwa hasira kuliko mimi. Nikaenda kwenye ua wa amalulu nikakuta vijiti vitupu, nilikuwa nimeshamaliza majani yote na mapya hayajaja. Akina mama hawakurudi, kila mmoja ana shamba lake. Mahindi yakaanza kuwa ya njano katikati ya nyasi, na Wanjala akaanza tena kusimama mlangoni na kupima kwa macho.

Jioni moja akatamka wazi kwamba amezungumza na mtu wa kampuni. Tukishavuna tu, trekta linaingia mpaka ukutani. Mimi nimelala namnyonyesha mtoto, nawaza nitawalisha nini hawa watu.

Mtu wa kampuni akaja kukagua miwa. Akapita kwenye shamba lote akitikisa kichwa, kwa sababu miwa ya Wanjala ilikuwa imefunikwa na nyasi vibaya. Mpaka alipofika kwenye ile mistari ya karibu na jikoni. Akasimama. Mistari ile ilikuwa safi, chipukizi nene, kijani kibichi.

"Hapa umefanya vizuri sana," akasema. "Umetumia dawa gani?"

Na mume wangu, huyu huyu anayekunywa chai, akakohoa kidogo akasema, "Hapo nilijitahidi. Kuna namna yangu."

Wakuu! Nilikuwa nimesimama na sufuria mkononi. Sijui ningefanya nini na ile sufuria. Lakini mama mkwe alikuwa ameketi kando ya mlango anatoa maharagwe kwenye maganda, na akanitangulia.

"Wewe Wanjala, usidanganye mgeni. Hapo hujawahi kuinama. Hapo ni majani ya Mwidakho. Mimi mwenyewe ndiye nilitupa." Kisha akaonyesha kipande changu kilichojaa nyasi. "Na huku ndiko nilitoa. Si unaona?"

Mgeni akacheka mpaka akavua kofia. Wanjala akatafuta mahali pa kutazama akakosa.

Mama mkwe hakucheka. Akarudia maharagwe yake, akasema bila kuinua kichwa, "Na hiyo trekta isikaribie hapa. Kwani mimi nakulanga wapi?"

Hapo ndipo kipande kilipona. Mimi niliongea msimu mzima sikusikika, yeye alimaliza kwa neno moja. Nilimshukuru na bado nilikuwa nimemkasirikia, yote kwa pamoja.

Mnadhani yaliishia hapo? Kesho yake Wanjala ananijia kwa upole, anauliza kama yale majani siwezi kuyatandika kwenye miwa yote. Yote! Mimi na mshono wangu na kisu changu cha jikoni. Nikamwambia jembe la miwa ni la mwanamume, na kisu cha kukatia majani ya miwa pia ni cha mwanamume. Akaenda akakata. Alikata mistari michache akachoka, lakini alikata.

Funzo: majani yanafanya kazi, lakini kabla hujatandika, wafunze kwanza wale watakaokuja kukusaidia. Mwenye uzoefu wa amalulu au majani mengine aweke hapa chini, na mwenye mama mkwe pia aseme.

Miwa ile iling'olewa zamani, mashamba mengi huku yamerudia mahindi. Kipande changu bado kipo, na sasa hivi kimetandikwa.

Shahidi ameweka kikombe chini. Anasema niandike "tuligundua."

Nimekataa.