Maziwa Yalikataa Kuganda

Neno usafi linanikera. Wajukuu wangu wanapanguza meza mara tatu kwa siku, wananiita nione, na mimi ninanyamaza, maana nikifungua kinywa nitasema yale ya mama mukwe wangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wanatawala Goma. Bwana yangu alikuwa karani, tukapewa nyumba ya matofali: simenti chini, chokaa ukutani, madirisha ya vioo. Mukaguzi wa usafi alikuwa anapita kila juma, ananusa pembe zote. Ukikutwa na uchafu mara tatu, unatoka. Aka! Nilifagia mpaka mikono ikafa ganzi, na kesho yake nikaanza tena.

Ndipo mama ya bwana yangu akashuka kutoka Masisi, mugonjwa wa tumbo, tumupeleke kwa munganga wa hospitali. Kila chakula kilimurudia, isipokuwa mashanza, yale maziwa ya kuganda. Alikuja amekumbatia kisabo chake, kibuyu kikubwa alichopewa siku ya ndoa yake. Sabuni hakikuijua. Kila siku alikuwa anaacha maziwa kidogo ndani, anamimina mapya juu yake, na asubuhi yote yameganda.

"Mutoto wangu, maziwa italala wapi?"

Nikamuonyesha meza. Akacheka mpaka akakohoa. "Ile ni ya barua za bwana yako!"

Goma ni mawe meusi tupu, hakuna udongo wa kufinyanga. Akamuagiza mutu aliyetuletea maziwa kutoka Kibumba amuletee udongo, akajenga ulingo mudogo wa kuwekea kisabo katika pembe ya jikoni, na kila jioni akafukiza majani pale. Maziwa inataka joto na moshi, alisema, sawa na muzee. Siku chache tu, mashanza yakawa mazito. Akaanza kula, na kuchokoza mapishi yangu.

Mukaguzi akaja, akanusa, akaandika. Ilikuwa mara ya pili kuandikiwa; ilibaki moja tu tutoke. Akaniambia mule ndani ya kibuyu muna vidudu ambavyo jicho halivioni. Niliona haya, ni kama amenivua nguo mbele ya majirani. Siku ya Mungu, mama mukwe akiwa kanisani, nikabomoa ulingo, nikapaka chokaa, nikachemsha maji, nikasugua kisabo na javeli, ile dawa kali ya kuua vidudu, mpaka kikanuka hospitali.

Alirudi, akatazama pembe. Akanusa kisabo.

"Asante kwa kazi, mutoto wangu."

Basi. Heri angenipiga kofi.

Maziwa yakakataa kuganda. Yakaoza, machungu, yanavutika nyuzi. Niliomba mashanza kwa jirani, nikatia humo yawe mbegu, nayo yakafa kwa ile javeli. Kumbe vile vidudu alivyovilaani mukaguzi ndivyo vilikuwa vinamulisha. Nilimuletea mashanza ya jirani katika kikombe; alionja kwa heshima, akatapika. Na mukaguzi, juma lile lile, akaleta wanawake wengine waone jikoni yangu, akanisifu, na mama mukwe yuko nyuma ya ukuta, siku ya pili hajala kitu. Nikatabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Bwana yangu akamurudisha Masisi juu ya lori ya mboga. Dawa za munganga hazikuwa zimesaidia kitu. Miezi ikapita, habari ikashuka: amenenepa, anakunywa mashanza kwa muke mwenzangu, muke wa kaka ya bwana yangu, katika nyumba ya majani iliyojaa moshi. Nilishukuru, na wivu ukanikaba.

Kiangazi nikapanda kumuona, mutoto mugongoni. Njia nzima nilikuwa ninapanga maneno ya kuomba musamaha. Nikakuta wageni wengi, wazee hata. Akawapita wote, akaniletea kikombe cha kwanza mimi, kwa mikono miwili.

"Kunywa, mutoto wangu. Umetoka mbali."

Nikanywa chote. Musamaha sikuomba. Tulimuzika, na bado sijauomba.