Mstari wa Piko Kwenye Skrubu

Wiki moja baada ya ndovu kunifukuza, mikono yangu bado ilikuwa ikitetemeka. Hata hivyo nilirudi Mkongani, kwa kuwa utafiti wangu wa uzamili ulihitaji ndovu huyohuyo avishwe shingoni mkanda wenye redio ya kufuatilia nyendo zake kabla hajarudi kwenye mahindi ya wakulima.

Daktari wa wanyama alikuwa na bunduki ya sindano za usingizi. Darubini ya kulengea ilifungwa kwa skrubu kwenye reli ya chuma juu ya mtutu, na juu ya kila skrubu alikuwa amechora mstari wa piko ya mkewe, ile rangi nyeusi ya kujipambia mikono, hadi kwenye reli, ili skrubu ikisogea mstari ukatike. Niliikagua bunduki hiyo mara tano.

"Mwanangu, unaichumbia?" akanitania.

"Samahani, daktari. Mstari huu umekatika."

Alisogea, akatazama, akaacha kucheka. Aliikaza skrubu, akajaribu kulenga mgomba, na sindano ikaingia pale alipotaka. Kisha akanipa kijiti cha piko nichore mstari mpya.

Saa nne asubuhi ndovu alilala kwa sindano moja, akaamka na mkanda wake. Mstari wangu ulikuwa mzima, nao ulikuwa umenyooka.