Kitenge cha Mama Mkwe Kilichoondoka na Treni

Aibu yangu naijua, msinikumbushe. Pale Majengo mtu akitaka kunichokoza hanitukani, anasema tu "Treni hiyo!" na waliokaa kibarazani wote wanaangua kicheko, mimi naondoka nimenuna. Basi leo nasimulia mwenyewe, maana nimechoka kusimuliwa mkasa wangu na watu ambao hawakuwepo, tena wengine wameongeza chumvi (eti nilikimbia hivyo hivyo mpaka stesheni ya Mpanda, uongo mtupu!).

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemposa Kabula, binti wa Kisukuma, kwao ni kijiji cha kando ya reli upande wa Katumba, na siku hiyo nilikuwa naenda na baba mdogo, mshenga wangu, kupangiwa siku ya harusi. Kila mtu na baiskeli yake. Nimevaa suruali mpya ya rangi ya maziwa, na kwenye kapu nimebeba kitenge cha majogoo, zawadi ya mama mkwe. Tumekaribia kabisa kufika, cheni ikauma suruali, grisi ikapaka kutoka kisigino mpaka gotini.

Ningefika hivyo hivyo! Leo nasema ningefika hivyo hivyo na grisi yangu, lakini baba mdogo akasimamisha baiskeli akatikisa kichwa.

"Ukweni huendi na uchafu huo. Ivue tuifue hapo kwenye kalavati, halafu uianike kwenye kokoto za reli. Zina moto hizo, inakauka sasa hivi."

"Na mimi nivae nini?"

"Si una kitenge kwenye kapu? Jifunge. Nani atakuona huku porini?"

Ndiye mshenga huyo! Nikajifunga kitenge cha mama mkwe kiunoni, nikafua, nikaanika, nikakaa karibu na reli kulinda suruali yangu. Treni ya abiria haikuwa siku yake, hilo tulilijua. Ya mizigo hatukuifikiria.

Honi ikalia. Nikainuka haraka, nikaokota suruali, na pale pale kwenye njia ya miguu inayofuata reli nikamwona mama mkwe anatoka mashineni na beseni la unga wa muhogo kichwani. Nyie mnajua mambo ya mkwe. Kwao na kwetu, mkwe wa kiume hakutani uso kwa uso na mama mkwe njiani, anageuka, anachuchumaa, anajifunika mpaka apite. Sasa ningefanyaje, nikimbie? Ukimkimbia mkwe ni dharau. Nikachuchumaa pale pale, nikampa mgongo, nikavuta kitenge kikafunika na kichwa. Naye kwa heshima yake akasimama akageukia kwingine. Tatizo ni kwamba heshima yote hiyo tuliifanyia hatua chache tu kutoka kwenye reli.

Dereva yule sijui alikuwa anawahi nini. Kichwa cha treni kilipopita upepo ulinisukuma kama mtu aliyenipiga bega kwa makusudi, nikakishika kitenge kwa nguvu zote, nikavumilia, ukapita. Nikasema imekwisha. Nikalegeza mkono.

Naomba mniambie, nani aliwahi kunifundisha kwamba treni ikishakusukuma inarudi kukuvuta? Shuleni tulikaririshwa mito ya Ulaya, lakini upepo wa treni inayopita nyumbani kwetu hakuna mwalimu aliyeutaja! Mabehewa yakaanza kupita, upepo ukaingia chini ya kitenge, kikajaa, kikanitoka mwilini, kikaenda kunasa kwenye chuma cha behewa, nikaona majogoo yangu yanapunga kuelekea Mpanda. (Kilifika stesheni kabla yangu, na tiketi hakikuwa nayo.) Nguo ya ndani nilikuwa nayo, lakini ilikuwa ya aina ambayo afadhali isingekuwepo.

Nikakimbilia kuvaa suruali. Imelowa, miguu yote miwili ikaingia kwenye mguu mmoja, nikaanguka kwa kishindo, nikaviringika mpaka miguuni pa mama mkwe. Akageuka kwa mshtuko, na behewa la mwisho nalo likapita na upepo wake, beseni likapinduka, unga wote ukammwagikia usoni. Akabaki ameduwaa, mweupe kuanzia kichwani mpaka kifuani.

Na baba mdogo? Nilimkuta ng'ambo ya njia amelala kifudifudi, kofia ameikumbatia.

"Treni ikipita karibu unalala chini," akaniambia huku anajikung'uta. "Kila mtu anajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Jioni ile wazee wa kwao wakakaa. Mimi nimewekwa nje kama mbuzi mgonjwa, nasikia kila neno. Baba mkubwa wa Kabula alisema mkwe akishaonekana uchi na mama mkwe hapo hakuna ndoa, posa irudi, na wenzake wakaitikia. Roho iliniuma mno, maana Kabula nilimpenda kweli, na nilikuwa nakaribia kumpoteza kwa kosa la upepo! Mshenga wangu anayejua kila kitu nikamsikia anakohoa tu.

Ndipo wakamwita mama mkwe wamuulize alichoona.

"Mimi nilikuwa na unga machoni," akasema. "Nimeona unga. Nyie mlitaka nione nini tena?"

Harusi ikapangwa.

Siku ya harusi Kabula akaniletea kifurushi. "Mama kasema uvae." Nikafungua. Ulikuwa mkanda, umekatwa kwenye ngozi ya ng'ombe wao wenyewe, mpana na mnene, unaotosha kufungia dume kaidi. Nikachukia! Kama uliona unga tu, mama, mkanda wa nini?

Sikuuliza, maana mama mkwe haulizwi. Lakini nimeapa, kando ya reli sisimami tena na nguo ya kujifunga, na mpaka leo nikisikia honi, hata nikiwa sokoni katikati ya watu, mkono wangu unatangulia kushika mkanda.