Zahanati ya Mbuzi

Nilianza kufundisha katika shule moja ya msingi tambarareni, mbali na barabara kuu, kati ya Kitengela na Kajiado, mwaka wa ile mvua ya El Nino. Kwetu ni magharibi, kwenye mvua nyingi, nami nilidhani najua matope. Sikuyajua. Udongo mweusi wa kule ukilowa, hushika gurudumu na kwato la punda na kukataa kuachia. Korongo lililokuwa kati yetu na barabara lilijaa likawa mto, na njia ilipofungwa, watoto wa darasa langu wakaanza kuugua malaria. Wengine walipona. Wengine walifia bomani, mama zao wakiwa wamesimama ukingoni mwa maji wakitazama upande wa pili.

Maji yalipokauka ndipo wazo la zahanati lilipokuja, na halikutoka ofisini kwa mtu. Lilitoka kwa jirani yangu, mama Mmaasai ambaye boma lao lilipakana na uwanja wa shule. Yeye alikuwa mmoja wa wale waliosimama ukingoni. Kila asubuhi aliniletea maziwa. Kiswahili chake alikiokota sokoni, changu nilikipata shuleni, tukawa tunakutana katikati. Siku moja aliweka kibuyu chini na hakuondoka.

"Mwalimu, hospitali inajengwa na nini?"

"Na mawe, kama shule."

"Mawe iko. Maji iko mbali, lakini punda iko. Basi ni nini hatuna?"

Alienda kwa wanawake wenzake, kisha wanawake wakawaendea wanaume, na wanaume wakakubali kuuza mifugo. Diwani wetu aliposikia, alikuja akasimama mbele ya wazee akasema, "Nyinyi jengeni nyumba. Serikali italeta nesi, italeta dawa." Watu walipiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Ujenzi ulikula kiangazi kizima. Fundi alitoka Kitengela. Maji ya kukorogea simiti yalitoka kwenye kisima cha mbali, juu ya migongo ya punda, na mara nyingi mbele ya punda hao alikuwa yeye, jirani yangu, shuka limefungwa kifuani, akiimba kidogo na kutukana punda sana. Mabati yalipowekwa, alitembea ndani ya vyumba akigusa kuta, akaniambia, "Sidai, nzuri. Hapa mtoto hawezi kufa mama akiangalia maji."

Siku ya ufunguzi alikuja mheshimiwa mkubwa. Utepe ulikatwa. Kulikuwa na kitanda cha kujifungulia kinachong'aa, kabati la dawa, na nesi aliyevaa sare nyeupe ambaye alisimama karibu na kitanda wakati wa kupiga picha. Nyama ililiwa, hotuba zikaisha. Halafu tukaona vijana wawili wakikibeba kile kitanda nje na kukirudisha kwenye lori lililokileta. Kabati likafuata. Nesi naye akapanda mbele, karibu na dereva.

Jirani yangu akamwendea dereva. "Kitanda inaenda wapi?"

"Mama, hii ni ya kuazima tu. Yenu inakuja."

Mlango ukatiwa kufuli, na funguo zikaenda na diwani Kitengela. Yenu inakuja. Kila tulipouliza, tulipewa maneno hayo hayo, mpaka watoto shuleni wakayafanya mchezo. Ukimwomba mwenzako penseli, anakwambia yenu inakuja.

Katika kungoja huko, jirani yangu akapata mimba. Alijifungulia nyumbani asubuhi, mikononi mwa mkunga wa bomani, na mtoto alitoka mzima analia. Lakini kondo la nyuma lilikataa kutoka, na damu ikawa haikatiki. Waliniita kutoka darasani. Nilikuta wanawake wamembeba kwa shuka mpaka kwenye zahanati, kwa sababu ndipo gari lingeweza kufika, na nadhani pia kwa sababu ilikuwa zahanati. Mtu huenda kwenye zahanati akiwa mgonjwa. Tulivunja kufuli kwa jiwe. Ndani hakukuwa na kitu, hata kiti. Tulimlaza sakafuni, juu ya leso, kwenye simiti aliyoibebea maji.

"Mwalimu," aliniambia, "mbona ni baridi hivi?"

Sikujua kama alisema sakafu au mwili wake. Nilimfunika kwa sweta yangu.

Gari la pekee karibu lilikuwa pikapu ya Msomali mwenye duka pale sentani, naye alikuwa ameenda mnadani Kajiado na kondoo. Mkewe alituma watu wamkute njiani. Alipofika, alishusha magunia aliyokuwa amebeba, akayaacha hapo mavumbini, akasema tu, "Mpandisheni." Aliendesha polepole kwenye mashimo na kwa kasi kwenye lami, mpaka hospitalini Kajiado.

Walimwokoa, lakini kizazi kilitolewa. Daktari aliyemhudumia alinieleza kwamba nesi mmoja na sindano ya kukaza kizazi, pale pale alipojifungulia, huenda vingetosha. Alisema bila ukali, kama mtu aliyeshasema hivyo mara nyingi. Jirani yangu alirudi nyumbani mwembamba, anatembea kwa kushika ukuta. Mumewe, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaoa mke mwingine.

Ukame ulipokuja, ule mkali, jua likaanza kuua mbuzi wachanga. Siku moja nilimwona jirani yangu akiwaswaga mbuzi wake kuelekea zahanati. Mlango haukuwa na kufuli tangu ile siku. Aliwaingiza wote kivulini. Wazee wa kamati walikuja kulalamika, akawaambia wawatoe wenyewe kama wana mgonjwa wa kuweka humo. Hawakuwatoa. Baada ya muda, majirani wengine nao wakaleta mbuzi wao.

Ndipo wageni wakaja. Gari jeupe, mzungu mmoja mfadhili, na afisa kutoka ofisi fulani ya afya ambaye, nilivyokuja kuelewa, alikuwa ameandika huko juu kwamba zahanati yetu inafanya kazi. Afisa alifungua mlango, akapokewa na harufu.

"Mama, mnafuga mbuzi kwa hospitali?"

"Tulingoja nesi," jirani yangu akasema. "Mbuzi ndio walikuja."

Mgeni akauliza kwa Kiingereza mama amesema nini. Afisa akatabasamu akamjibu kwamba mama anashukuru kwa ziara hiyo na anaomba msaada wa mifugo.

Nilikuwa nimesimama hapo na chaki bado mkononi. Nilimwambia mgeni, kwa Kiingereza, alichosema mama, neno kwa neno, kisha nikamwonyesha mahali tulipomlaza. Afisa hakunitazama tena mpaka walipoondoka.

Nesi alikuja kabla ya muhula kwisha. Damu ya mwanamke haikumleta. Aibu ya mbuzi ndiyo iliyomleta. Muhula huo huo nami nikahamishwa, nikapelekwa mbali, upande wa Ewuaso Kedong. Hakuna aliyeniambia sababu, wala sikuuliza.

Nilirudi kutembea miaka kadhaa baadaye. Mashamba yalikuwa yamekatwa vipande na kuzungushiwa waya, na nyumba za Kitengela zilikuwa zinasogea. Mbele ya zahanati walikaa akina mama na watoto wao. Jirani yangu alikuwa ameketi nje ya ua, anauza maziwa.

"Takwenya," nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia. "Mwalimu, umezeeka."

"Wewe huwa unaingia humo siku hizi?"

"Mimi naenda Kajiado," alisema. "Hapa nauza maziwa tu."

Nesi alitoka mlangoni, msichana mchovu, akatangaza kwamba dawa ya watoto imeisha, warudi wiki ijayo. Hakuna aliyenung'unika. Akina mama waliinuka, wakafunga watoto mgongoni, wakaanza safari ya kurudi walikotoka. Utulivu wao ndio ulioniuma.

Jirani yangu aliwasindikiza kwa macho.

"Angalau sasa iko mtu wa kutuambia imeisha," alisema, akanimiminia maziwa.