Mlamba Aliyejua Mluzi Wangu

Siku yangu ya kwanza katika machinjio ya Kiamaiko, Nairobi, sikupewa kisu wala koti jeupe. Nilipewa mbuzi. "Huyu ndiye mkubwa wako," aliniambia msimamizi wa mazizi, ambaye sote tulimwita Haji. Beberu huyo aliitwa Chifu, na kazi yake ilikuwa kutangulia. Mbuzi waliotoka mbali huogopa sakafu yenye maji, lakini wakimwona mwenzao anaingia machinjioni bila wasiwasi, humfuata. Chifu alitokea mlango wa pili akarudi zizini. Wenzake hawakurudi.

Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, nikaosha magari Jericho, nikabeba mizigo Makadara, na kote huko nilichoka mapema. Hapa sikuchoka; kulikuwa na mengi ya kutazama. Kila mwongozaji, yaani mtu wa kutoa mbuzi zizini, alikuwa na mluzi wake. Wangu ulikuwa milio mitatu mifupi na mmoja mrefu unaopanda. Chifu akiusikia alisimama, tayari kutangulia, na zizi zima likasimama naye. Wachinjaji hawakuuliza karatasi. Aliyeingia nyuma ya Chifu alikuwa wa kuchinjwa, basi.

Kwenye waya juu ya zizi alikaa ndege mweusi, mkia umegawanyika kama wa samaki, jicho jekundu. Mkaguzi wa nyama aliniambia anaitwa mlamba. Kwezi, ndege mwingine wa pale zizini, akipata mdudu mnono, mlamba alilia kama mwewe. Kwezi akatupa mdudu na kutoroka, naye mlamba akashuka kula. Nilicheka sana. Sikujua nacheka nini.

Asubuhi moja nilikuwa kwenye lango la machinjio, kibandani kwa Mama Njoki muuza chai, nikinywa chai. Nikasikia mluzi wangu. Mandazi ilinikwama kooni.

Nilipofika mbio, lango la zizi, nililolifunga kwa kamba ya katani kama siku zote, lilikuwa wazi. Chifu alikuwa amelisukuma kwa kichwa hadi kamba ikakatika. Ndani ya zizi hilo kulikuwa na majike wenye mimba, waliotengwa kupelekwa kufugwa. Watatu walikuwa wameshachinjwa. Mchinjaji alisimama na kisu mkononi, akitazama kilichokuwa tumboni mwa wa tatu.

"Karis, umefanya nini?" Haji alinguruma.

"Haji, sikuwa hapa."

"Mluzi nimeusikia kwa masikio yangu! Vua mabuti, nenda nyumbani."

Nilikuwa nimevua buti moja Mama Njoki alipofika, birika bado mkononi. "Haji, wacha kumwonea. Huyu alikuwa kwangu, mandazi imejaa mdomo. Hebu wewe jaza mandazi upige mluzi, tuone!"

Watu walicheka. Haji hakucheka.

Ndipo mluzi uliposikika tena, juu ya vichwa vyetu. Mitatu mifupi, mmoja mrefu unaopanda. Mlamba. Chifu akasimama, mbuzi waliobaki wakasimama, na inzi wakafumka kutoka kwenye majani makavu kama moshi. Ndege akajitupa katikati yao, mdomo ukigonga, ta, ta, ta.

"Subhanallah," Haji alisema, akakalia ndoo iliyokuwa karibu bila kutazama kama ina maji. Ilikuwa nayo.

Mimi nilisimama na buti moja. Siku zote nilizomtazama yule ndege, naye alikuwa akinitazama.

Nilirudishiwa kazi siku hiyo hiyo. Kuanzia hapo miluzi ilipigwa marufuku, malango yakafungwa kwa minyororo, na hakuchinjwa mbuzi asiye na alama ya chaki ya Haji mwenyewe. Nilimchukia mlamba kwa miezi. Kisha nikawaza: yeye alitaka inzi tu. Na hakuwaambia mbuzi uongo wowote ambao mimi sikuwa nawaambia kila asubuhi, miaka yote ile, tena kwa mluzi ule ule. Wazo hilo lilinishtua kuliko ndege, na mpaka leo, nikiwa nimestaafu, halijanitoka.

Siku yangu ya mwisho Haji alinishika bega. "Karis, leo nakuruhusu. Piga mara moja, tuukumbuke."

Nililowesha midomo. Mbuzi walikuwa wamelala kwa utulivu, wakicheua. Sikuweza.

Kutoka kwenye waya, mlamba akanipigia. Mbuzi wote wakasimama, wakanigeukia.