Chungu Kilichochemka Bila Kuni

Si kweli kwamba Ewatomi alikataliwa na wakwe. Anayelibeba neno hilo sokoni alibebe likiwa zima.

Bibi yake, Abeke, alitia vitambaa rangi ya nili mjini Abeokuta kwa miaka arobaini na sita. Hakusoma, lakini mkono wake ulijua kazi: maji kwanza, baadaye kostiki, ile soda kali inayounguza ngozi, kidogo kidogo, uso kando. Nili hunuka kama mkojo uliolala. Uvundo huo ndio uliomsomesha mwanawe hadi chuo kikuu, na majirani waliokuja kula nyumbani kwake hawakuziba pua.

Jumanne moja alikosea. Kostiki ilikuwa imegandamana koponi, naye kwa haraka akaimwagia maji juu. Kopo likanguruma, likatema povu ukutani na kumchoma muundi. Jirani yao Sikira alikuwa akichungulia juu ya ukuta, kama kawaida yake. Adhuhuri haijafika, mtaa mzima ukajua kwamba chungu cha Abeke kinachemka bila kuni, na kwamba chini yake amezikwa mtu.

Upande wa mchumba wa Ewatomi walikuwa wameshaleta viazi vikuu na njugu za kola za kujitambulisha, sasa wanapeleleza ukoo kama ilivyo ada. Ijumaa akaja Titilola, shangazi wa kijana, leso puani.

"Mama, mimi sina neno," alisema, macho yakitambaa kwenye vyungu. "Ila watu wanasema."

"Watu wana midomo, mwanangu. Kaa."

"Hapo? Na nguo hii nyeupe?"

Morenike, mama wa Ewatomi na mjane wa yule mwana aliyesomeshwa, alikuwa mwalimu wa sayansi. Hakubishana. Alileta mabakuli mawili ya bati. La kwanza alilitia maji, kisha chembe chache za kostiki.

"Shika kwa nje, dada. Kidole usitie."

"Lina moto."

"Kuni umeziona?"

La pili alilitia maji ya ndimu, kisha vijiko vitatu vya soda ya kupikia. Povu likapanda.

"Hili limepoa," Titilola alisema. "Ndimu mlizitoa kwenye barafu?"

"Zilikuwa hapo juani. Zilizobaki ndizo hizo, zishike."

Morenike akamweleza kama anavyowaeleza wanafunzi wake. Vitu vinapokutana na kubadilika, chembe zake huachana, kisha hushikana upya. Kuachana hula nguvu, kushikana hutoa nguvu. Kostiki ikikutana na maji, kinachotolewa huzidi kinacholiwa, na ziada hiyo ndiyo joto. Kwa ndimu na soda, kinacholiwa ndicho huzidi, basi joto huchukuliwa kwenye maji, kwenye bati, hata kwenye kiganja cha mgeni. Nguvu haizuki, wala haipotei. Inahama tu.

"Nimeelewa, mwalimu," alisema Titilola. "Sasa, ili watu wanyamaze, bibi atakaswe uchawi: anyolewe nywele, aoshwe, na chungu kivunjwe mbele yao. Jambo dogo tu."

"Si umeshika mwenyewe?"

"Mimi nimeshika. Wao hawakushika."

Morenike aliyasukuma mabakuli kando; nili yenyewe haikuwahi kumchukiza hivyo. Mtu ameujua ukweli kwa mkono wake mwenyewe, na bado anaomba kizee wa miaka sabini na mmoja anyolewe kama mwizi ili Sikira aridhike. Abeke alitazama kucha zake za buluu, akatema mate kando.

"Kama ni kwa ajili ya mtoto," akasema polepole, "leteni wembe."

Ewatomi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimpenda kijana yule, na kila mtu alilijua hilo.

"Hakuna wembe, bibi," alisema. "Mama, warudishie viazi vyao."

Walirudishiwa Jumamosi asubuhi, viazi arobaini na viwili na kola zote, juu ya mkokoteni usiofunikwa, ukipitia mbele ya mlango wa Sikira. Kwa hiyo waliokataliwa ni wao.

Ewatomi alimwandikia kijana barua. Wengi wameuliza ilisema nini. Hawataambiwa.